Kuku Anachechemea: Mwongozo Kamili wa Kutibu Jipu na Kidonda cha Unyayo

Kuku hafichi njaa, lakini maumivu huyaficha. Ukimwona anachechemea, anasimama kwa mguu mmoja mchana kutwa, au amelala chini wakati wenzake wanachakura, ujue tatizo lina siku kadhaa, pengine wiki. Habari njema ni kwamba vidonda vingi vya unyayo hutibika uani kwa chumvi, maji ya uvuguvugu, bendeji na uvumilivu. Habari mbaya ni kwamba chanzo kwa kawaida si kuku, ni banda. Ukitibu unyayo ukaacha sakafu na fito za kulalia kama zilivyo, utakuwa unatwanga maji kwenye kinu.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kuku wachache nyumbani, wale wenye majina, si wa shamba la kuku elfu moja.

MKAGUE KWANZA, DAWA BAADAYE

Mchukue usiku akiwa amelala au alfajiri kabla hajashuka, maana wakati huo hana purukushani. Mfunge kwa khanga mabawa yakiwa yamebana mwilini, miguu ibaki nje, na ncha ya khanga imfunike macho. Kuku asiyeona hutulia. Usimkaze kifuani: kuku hana kiwambo kama chetu, hupumua kwa kusogeza mfupa wa kidari, kwa hiyo mkono unaombana kifua unaweza kumkata pumzi bila wewe kujua. Na usimlaze chali muda mrefu. Joto la Dar nalo lihesabu: kuku aliyefungwa khanga saa saba mchana huanza kuhema mdomo wazi baada ya dakika chache. Fanya kazi hii asubuhi mapema penye mwanga wa kutosha.

Osha miguu yote miwili kwa sabuni na mswaki wa zamani, kisha ilinganishe. Tazama chini ya unyayo, katikati ya vidole, kwenye kucha, kwenye magamba ya muundi, halafu panda hadi kwenye kifundo, lile "goti" linaloonekana kupinda kinyume. Bonyeza taratibu kwa kidole gumba. Unatafuta joto, ugumu, uvimbe na mahali anaposhtuka.

Kigaga cheusi au cha kahawia chini ya unyayo, chenye uvimbe mgumu pembeni yake, ndilo jipu la unyayo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inalihusu. Mfereji mwembamba uliozunguka kidole, huku mbele yake kumevimba au kumekuwa cheusi, ni uzi. Magamba yaliyoinuka, mazito, yenye ungaunga mweupe ni utitiri wa miguu. Yote matatu yana sehemu yake hapa chini.

Ila kama unyayo ni msafi kabisa na kuku hawezi kusimama, acha kutafuta kidonda. Mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, hasa kwa kuku mchanga wa miezi michache, hiyo ni dalili inayojulikana ya mahepe, ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu. Shingo iliyopinda, kinyesi cha kijani na vifo vya ghafla bandani ni mambo ya kideri. Kifundo kilichovimba chenye joto bila kidonda popote kinaweza kuwa maambukizi ya ndani ya kiungo. Mfupa uliovunjika utauona: mguu unaning'inia au umepinda pasipostahili. Hayo yote ni ya daktari wa mifugo.

JIPU LINAVYOANZA

Ngozi ya unyayo hupata mchubuko mdogo, wakati mwingine usioonekana. Vimelea hupenya hapo, mara nyingi bakteria aitwaye Staphylococcus aureus ambaye anaishi kwenye ngozi ya kuku na ya binadamu kila siku bila kelele. Mwili wa kuku humzingira. Hapa ndipo kuku anapotofautiana na mtu: chembe zake za kinga hazina kimeng'enya kinachoyeyusha usaha, hivyo usaha wa kuku hauwi uji, huwa kipande kigumu cha manjano au cheupe, mfano wa muhogo uliochemshwa ukapoa. Ndiyo maana kumkamua kuku jipu kama unavyomkamua mtoto ni kumtesa bure. Hakuna kitakachotoka, na vimelea utavisukuma ndani zaidi kwenye kano.

Michubuko yenyewe hutoka wapi? Sakafu ya sementi isiyotandikwa kitu. Fito zenye vijiti, misumari au pembe kali. Kuruka kutoka juu na kutua penye kokoto. Waya wa sakafuni. Kuku wazito huumia zaidi: majogoo, chotara walionenepa, na kuchi, ambao wana mwili mkubwa na wafugaji wao hupenda kuwaweka kwenye vibanda vidogo vya zege. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, tatizo huongezeka kwa sababu ngozi inayokanyaga tope na mbolea mbichi hulainika na kupasuka.

Chakula nacho kina mkono wake. Vitamini A ikipungua, ngozi ya unyayo hukosa uimara. Kuku anayeishi kwa mabaki ya wali, pumba na mahindi meupe hapati vitamini hiyo ya kutosha, kwa kuwa mahindi meupe hayana ile rangi ya njano inayogeuzwa kuwa vitamini A.

PIMA UZITO WA TATIZO

Wekundu kidogo au ngozi iliyokauka bila uvimbe: usichimbe. Osha, paka, badilisha banda, basi.

Kigaga chenye uvimbe wa ukubwa wa punje ya mahindi hadi wa kunde mbili tatu, kuku anakula na anatembea: hili unaweza kulishughulikia nyumbani kwa hatua zilizo hapa chini.

Uvimbe umetokeza hadi upande wa juu wa mguu katikati ya vidole, au umepanda kwenye muundi, unatoa harufu, kuku hali, amenywea, hataki kukanyaga kabisa: mpeleke kwa daktari wa mifugo, siku hiyo hiyo ukiweza. Hapo maambukizi yanaweza kuwa yamefika kwenye kano au mfupa, na kisu kinachohitajika ni cha mtu mwenye dawa ya ganzi. Usipojua pa kuanzia, afisa mifugo wa kata atakuelekeza; na ukitakiwa kupima sampuli ya usaha, Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, uko Temeke, Dar es Salaam.

VIFAA

Beseni moja ambalo halitarudi jikoni. Glavu. Povidoni ya asilimia 10, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa. Chumvi ya kawaida, au chumvi ya haluli ukiipata. Gozi (kile kitambaa chepesi cheupe cha vidonda), bendeji inayojishika yenyewe, mkasi, kibano butu na bomba la sindano la mililita 10 au 20 lisilo na sindano, la kupigia maji kwenye kidonda. Kibano na mkasi vichemshe dakika 20.

Glavu si mbwembwe. Bakteria yule yule anaweza kuingia kwenye mkwaruzo wa kidole chako. Watoto wakae mbali, na ukimaliza nawa kwa sabuni hata kama ulivaa glavu.

HATUA ZA KUTIBU

1. Loweka. Maji ya uvuguvugu, ambayo kiwiko chako kinaona yana joto la kupendeza lakini hayachomi, yaani nyuzi 38 hadi 40. Weka chumvi ya haluli vijiko viwili vya mezani kwa kila lita, au chumvi ya kawaida kijiko kimoja cha mezani. Maji yafike juu kidogo ya vidole. Dakika 10 hadi 15. Asiyanywe: haluli huharisha. Kuku wengi husinzia wakati huu, na ni ishara nzuri.

2. Safisha. Ukitumia gozi, sugua kigaga kwa kuzungusha taratibu. Usitumie kucha.

3. Jaribu kigaga. Kikiwa kimelegea pembeni, kishike kwa kibano, kizungushe na ukivute polepole. Mara nyingine hutoka pamoja na kiini chake kigumu kama mzizi, na kazi kubwa inakuwa imeisha. Kikikataa, kiache. Rudia kuloweka asubuhi na jioni kwa siku tatu hadi tano. Ngozi italainika na kiini kitasogea juu chenyewe. Watu wengi huharibu hapa. Wameona video ya mtu anayekata unyayo kwa wembe, wanachukua wembe. Chini ya ngozi hiyo kuna kano zinazokunja vidole, na ukizikata kuku hatadandia tena. Damu nyekundu inayotiririka maana yake umefika kwenye nyama hai: simama, bana kwa gozi dakika tano bila kuchungulia.

4. Piga maji. Chemsha nusu lita ya maji, yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Vuta kwa bomba na usukume kwenye shimo la kidonda hadi maji yatoke safi. Vipande vya usaha vilivyolegea vitoe kwa kibano. Vilivyoshika viache vitoke kesho au kesho kutwa.

5. Ua vimelea. Povidoni usiipake nzito kwenye shimo lililo wazi kila siku, kwani inaua pia nyama changa inayojaribu kuota. Izimue: kijiko kimoja kwa vijiko tisa vya maji yaliyochemshwa yakapoa, iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Lowesha kidonda dakika mbili, kisha kausha kwa gozi.

6. Paka kidogo. Mafuta ya antibayotiki ya kupaka, tabaka jembamba. Soma kasha kwanza. Yasiwe na dawa ya ganzi ya jamii ya lidokeini au benzokeini, ambazo ndege hudhurika nazo kwa kiasi kidogo. Na yasiwe zile krimu mchanganyiko za ngozi zenye betamethasoni au deksamethasoni. Hizo hupunguza kinga mahali penyewe unapoihitaji. Asali halisi pia inafaa, ila funga vizuri na uning'inize tenga analokaa mgonjwa, la sivyo sisimizi watafika kabla hujamaliza kunawa.

Spiriti, jiki, majivu na unga wa vidonge vilivyopondwa visiingie kwenye shimo la kidonda. Spirei ya bluu ya mifugo ni nzuri kwa mchubuko wa juu, si kwa shimo, na pia inakufichia rangi ya ngozi usijue kama wekundu unaongezeka au unapungua.

KUFUNGA BENDEJI BILA KUUA VIDOLE

Kidonda kilichosafishwa vizuri kikifungwa vibaya kinakuwa kibaya kuliko mwanzo. Kata gozi mraba wa sentimita 3, ukunje mara mbili, uweke juu ya kidonda. Kama kidonda ni kikubwa, tengeneza kata ndogo ya kitambaa, kama ile anayoweka mama kichwani kubebea ndoo, tundu lake likae juu ya kidonda ili uzito wa kuku uangukie pembeni.

Bendeji ikate utepe wa upana wa sentimita 1.5 na urefu wa 30 hivi. Utepe mpana hauingii katikati ya vidole. Anza kwenye muundi kwa mzunguko mmoja mlegevu. Shuka chini ya unyayo, pita kati ya kidole cha kwanza na cha pili, rudi juu, zunguka muundi, shuka tena ukipita nafasi inayofuata, hadi nafasi zote za mbele zimepitwa. Maliza kwenye muundi. Ukitazama kwa chini, mikanda inakutana juu ya gozi kama miale. Vidole vyote vinne na kucha zake vibaki nje.

Bendeji inayojishika inavutika, na huko kuvutika ndiko kunakodanganya: ukiifunga ukiwa umeivuta, itaendelea kubana saa nzima baada ya wewe kuondoka. Ifunue kwenye rola kwanza, ilegee, ndipo uifunge. Tepu ya umeme unaweza kuizungusha juu ya bendeji kuzuia maji, isiguse ngozi kabisa.

Baada ya saa moja, gusa vidole. Vya baridi, vilivyovimba au vilivyoiva rangi ya zambarau: fungua mara moja. Kuku atainua mguu juu na kutembea kama amekanyaga gundi; hiyo ni kawaida siku ya kwanza. Badilisha bendeji kila siku kwa siku nne za mwanzo, kisha kila baada ya siku mbili; ikilowa, ibadilishe papo hapo. Jipu dogo hupona ndani ya wiki mbili, la wastani wiki tatu hadi nne. Kama siku ya tano uvimbe haujapungua hata kidogo, acha kurudia yale yale na mtafute daktari.

Wakati wote huo mgonjwa akae peke yake kwenye tenga au kibanda kidogo, chini kukiwa na maranda makavu. Si vumbi la mbao, ambalo huganda kwenye kidonda na kuingia puani. Si gazeti, linateleza na kuumiza nyonga. Asiwe na fito ya kulalia juu. Maji na chakula viwe karibu, na awaone wenzake, maana kuku aliyetengwa kabisa husahauliwa na kundi.

DAWA ZA KUMEZESHA

Desturi ya kufungua kapsuli za amoksilini za watu na kuzimwaga kwenye maji ya kuku ina kasoro mbili. Kuku mgonjwa hunywa kidogo, kwa hiyo hujui amepata kiasi gani. Pili, jipu lililozingirwa halina damu inayopita ndani yake, dawa haifiki. Ni lazima kiini kitoke kwanza. Antibayotiki ina kazi pale maambukizi yanaposambaa, na dozi itolewe na daktari baada ya kumpima uzito kuku mwenyewe. Uliza pia siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Zimeandikwa kwenye lebo, na mayai ya siku hizo hayapelekwi kwa jirani wala dukani.

Kwa maumivu, usimpe diklofenaki hata robo kidonge. Inaharibu figo za ndege, na kuku wamo.

UZI KIDOLENI

Uani kwetu umejaa nyuzi: za viroba, za cherehani, za nywele bandia zilizofagiliwa kutoka saluni ya jirani, na nailoni za kuvulia kwa walio pwani. Kuku anachakura, uzi unazunguka kidole, unakaza kila anapotembea. Loweka dakika 10 kulainisha uchafu, vaa miwani kama unahitaji, pitisha ncha butu ya mkasi mdogo chini ya uzi na ukate mahali pawili au patatu. Usivute ncha ndefu. Uzi uliozama unakata nyama kama msumeno. Tafuta tena hata ukidhani umemaliza, kwa kuwa nywele bandia huwa nyingi kuliko zinavyoonekana. Kidole kilichokuwa cheusi, kikavu na kisicho na harufu mara nyingi hudondoka chenyewe. Chenye unyevu na harufu kinahitaji daktari.

UTITIRI WA MAGAMBA

Mdudu huyu hachukui muda kumweleza: anaishi chini ya gamba, anahitaji hewa, kwa hiyo mzibie. Osha miguu kwa sabuni, kausha, paka mafuta mazito ya mgando au mafuta ya nazi hadi juu ya kifundo kila baada ya siku mbili au tatu, kwa wiki nne. Watibu kuku wote kwa pamoja na upake mafuta nyufa za fito. Usibandue magamba kwa nguvu. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambavyo bado vinatumika sana, huchoma ngozi na kumwingia kuku mwilini.

SASA BANDA

Fito ziwe pana za kutosha unyayo kutulia: mbao ya mbili kwa nne iliyolazwa upande mpana, kingo zake zimepigwa randa zikawa za mviringo. Mrunda wa unene wa sentimita 5 pia unafaa ukimenya maganda na kusugua kwa msasa. Bomba la plastiki linateleza; bomba la chuma linateleza na kupata joto. Urefu kutoka chini usizidi sentimita 45 kwa kuku wazito. Wepesi wanaweza kufika 60. Kila kuku apate sentimita 20 hadi 25 za kukaa, vinginevyo watasukumana na mmoja ataanguka kila usiku.

Juu ya sementi tandika maranda kimo cha sentimita 8 hadi 10. Mafundi seremala wanayo kwa magunia, Keko jijini Dar na kwingineko. Uliza kama mbao ilitiwa dawa ya mchwa, na kama ilitiwa, usichukue. Yageuze kwa reki kila siku mbili na uondoe mara moja sehemu iliyolowa, hasa chini ya chombo cha maji, ambapo ndipo tope la kwanza huanzia. Chombo hicho kiinue juu ya tofali. Pitisha sumaku ya spika mbovu pale mafundi walipokuwa wakijenga. Utashangaa misumari mingapi imebaki.

Kwenye chakula ongeza mchicha, matembele na vipande vya papai bivu kila siku, na ukinunua mahindi yawe ya njano inapowezekana. Kuku aliyenenepa mpunguzie pumba na mabaki ya ugali, si majani.

Mgonjwa akipona, yaani ngozi imefunga, haina joto na anakanyaga sawa, mrudishe bandani usiku. Muweke kwenye fito katikati ya wenzake wakiwa wamelala. Akirudishwa mchana watamdonoa kama mgeni, na wakimfukuza atakimbia kwa mguu ule ule. Wiki ya kwanza mkague unyayo kila siku tatu, kisha kila wiki mbili pamoja na kuku wote.